Macho Hayana Pazia: New York na Taa Zake za Krismasi

Taa za Krismasi za New York huanza kupendeza saa 10:30 jioni, kwa hesabu ya saa za Waswahili, kwa kuwa mwanzoni mwa Desemba hiyo ndiyo saa ya jua kuzama katika jiji hilo. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea Magharibi inayoingia karibu saa ileile mwaka mzima, hushangaa kuona wafanyakazi wakitoka ofisini gizani kana kwamba wamekesha. Ikifika tarehe 21 Desemba mchana wote ni wa saa 9 na robo tu. Kwa sababu hiyo pambo la kwanza huko ni taa, na mengine yote hufuata nyuma yake. Utepe, mashada ya majani mabichi, kengele na malaika wa waya vingemezwa na giza kabla watu hawajatoka kazini.

Waliozitundika taa hizo ni watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wachuuzi, kwa maana pana ya neno hilo: waliouza umeme, waliouza balbu, waliouza midoli na makoti. Wa pili ni watu wasiokuwa na cha kuuza, yaani vibarua wa ujenzi, familia zilizofiwa vitani, wenye nyumba wa Brooklyn. Mara nyingi wachuuzi ndio walioanzisha jambo, kisha wengine wakalichukua na kulifanya lao. Anayetembea Manhattan jioni za Desemba hupita katikati ya historia hizo mbili, na zote hutazamwa bure.

Mti uliingia sokoni kabla ya taa. Desturi ya kusimamisha mti ndani ya nyumba ililetwa Marekani na wahamiaji wa Kijerumani, na kwa muda mrefu mwenye kuutaka alikwenda kuukata mwenyewe. Mwaka 1851 mkulima wa milima ya Catskill, Mark Carr, alipakia miti kwenye magari mawili ya kuteleza juu ya theluji, yakivutwa na maksai, akaishusha katika soko la Washington Market, Manhattan. Alilipa dola 1 kwa kipande cha kando ya barabara akauza miti yote. Mwaka uliofuata hakuwa peke yake. Miti hiyo ilipambwa kwa mishumaa iliyobanwa kwenye matawi, ikawashwa kwa dakika chache tu huku ndoo ya maji au mchanga ikikaa karibu. Tahadhari hiyo ilikuwa na maana yake, kwani mti wenye utomvu, uliokatwa wiki mbili nyuma na kukaa karibu na jiko la makaa, hushika moto kama karatasi.

Umeme ulipanda kwenye mti kwa mkono wa mtu aliyekuwa na bidhaa ya kutangaza. Tarehe 4 Septemba 1882 Thomas Edison alifungua kituo cha kufua umeme katika Pearl Street, kusini mwa Manhattan, kikiwasha taa 400 hivi za wateja wake wa mwanzo. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 22 Desemba, Edward H. Johnson, makamu wa rais wa kampuni ya Edison, alionesha mti wa Krismasi sebuleni kwake. Ulikuwa na balbu 80 zilizounganishwa kwa mkono, nyekundu, nyeupe na buluu, na ulisimama juu ya kisanduku kilichozungushwa na mota. Kila ulipozunguka, rangi zilipokezana kuwaka na kuzima. Magazeti ya New York yaliona hizo ni mbinu za biashara yakakaa kimya. Taarifa iliyosalia mpaka leo ilichapishwa na gazeti la Detroit. Wahariri wa New York hawakukosea, zilikuwa mbinu za biashara kweli. Lakini mti unaozunguka wenyewe na kubadili rangi ulikuwa habari, hata kama aliyeutengeneza alikuwa na balbu za kuuza, na miaka miwili baadaye Johnson aliurudia ukiwa na balbu 120.

Kwa miaka 20 mti wa umeme ulibaki mali ya matajiri. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme kabisa, na hata zilizokuwa nao hazikuwa na soketi ukutani, hivyo ilibidi fundi aitwe aunganishe balbu moja moja kwa waya. Katikati ya miaka ya 1890 Rais Grover Cleveland alipowasha mti wa namna hiyo Ikulu ya Washington, tamaa ilienea upesi kuliko uwezo. Seti zilizounganishwa tayari zilianza kuuzwa mwaka 1903 kwa dola 12, pesa ambazo mfanyakazi wa kawaida alizipata kwa wiki nzima. Aliyeshindwa kununua aliweza kukodi kwa msimu.

Bei ilishuka miaka ya 1920, na hapo New York ilikuwa kiwanda na duka kwa pamoja. Vijana wa ukoo wa Sadacca, waliokuwa wakiuza vizimba vya ndege bandia wenye balbu ndani, walihamia kwenye taa za miti. Inasimuliwa katika ukoo huo kwamba wazo lilimjia kijana mmoja, Albert, baada ya moto wa mishumaa uliotokea jijini mwaka 1917. Kampuni yao, NOMA, ilikuja kuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo. Seti zao za mwanzo zilikuwa na tabia ambayo wazee wa Kimarekani bado wanaikumbuka kwa uchungu. Balbu zote zilifungwa mfululizo kwenye njia moja ya umeme, kwa hiyo moja ikiungua zote hulala. Usiku wa mkesha baba wa nyumba alikaa sakafuni akijaribu balbu moja baada ya nyingine, kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Baadaye zikaja seti za njia sambamba, kisha vibalbu vidogo vyenye kiwaya cha akiba kinachopitisha umeme hata uzi wa ndani ukikatika, na mwishoni taa za LED, ambazo hazina uzi wa kukatika.

Mapambo ya kioo yana historia yake fupi. Mwaka 1880 mwenye duka Frank Woolworth, ambaye baadaye alijenga pale Broadway jumba lililokuwa refu kuliko yote duniani wakati huo, alishawishiwa kuchukua tufe za kioo zilizopulizwa kwa mdomo na mafundi wa kijiji cha Lauscha, Ujerumani. Hakuamini kwamba mtu atanunua kitu kisicho na kazi yoyote. Ziliisha zote kwa siku mbili. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia kuukata mzigo wa Ujerumani, kampuni ya vioo ya Corning iliugeuza mtambo wake wa kutengeneza balbu ili utoe tufe za mapambo. Si vigumu kuelewa mtambo uliwezaje: tufe ya mti wa Krismasi ni balbu isiyo na uzi.

Maduka makubwa nayo yalikuwa yameshagundua thamani ya kioo cha mbele. Katikati ya karne ya 19 vioo vipana vilianza kupatikana kwa bei ya kustahimilika, na mwaka 1874 duka la Macy's, wakati huo likiwa mtaa wa 14, lilipanga dirishani midoli ya kaure na mandhari ya riwaya ya Harriet Beecher Stowe kuhusu utumwa, Uncle Tom's Cabin. Watu walisimama. Macho hayana pazia, na mwenye duka aliyeona umati umeganda mbele ya kioo chake hakuhitaji kufundishwa zaidi. Mashindano yakaanza: midoli inayosogea, treni za mvuke, mandhari zenye moshi na theluji ya pamba.

Ushindani huo ulizaa hatua moja ya kijasiri. Mwaka 1938 duka la Lord & Taylor la Fifth Avenue liliondoa bidhaa zote dirishani wakati wa Krismasi, likatundika kengele kubwa za rangi ya dhahabu zilizopembea huku sauti ya kengele iliyorekodiwa ikisikika barabarani. Hapakuwa na koti wala kiatu wala bei. Duka lililokataa kuuza kwa wiki chache lilivuta watu kuliko lililojaza mali, na tangu hapo madirisha ya Krismasi ya New York yamekuwa karibu na jukwaa la michezo kuliko meza ya muuzaji. Lord & Taylor ilikuwa na siri nyingine: sakafu za madirisha yake zilishushwa kwa mashine hadi chini ya ardhi, mafundi wakapamba huko bila kuonekana, kisha zikapandishwa usiku zikiwa tayari. Duka hilo lilifungwa Januari 2019, na madirisha hayo yakaenda nalo. Anayetaka kuona kazi ya kiwango hicho leo huenda Bergdorf Goodman, kwenye kona ya mtaa wa 58. Shanga, manyoya, karatasi na vioo hushonwa na kugundishwa kwa miezi mingi kwa ajili ya mandhari itakayokaa wiki chache. Ni kazi ya mikono inayostahili kutazamwa kwa karibu sana, pua ikigusa kioo.

Upande wa pili wa historia ulianza barabarani. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1912, katika bustani ya Madison Square, uliwashwa mti mkubwa uliotoka milima ya Adirondack, ukiwa wazi kwa mtu yeyote apitaye. Waliouandaa walikuwa wakiwafikiria watu wa vyumba vya kupanga na wasio na makazi, ambao mti wa Krismasi waliuona tu kupitia madirisha ya wengine. Umeme na balbu vilitolewa na kampuni ya umeme, kwa hiyo mchuuzi hakukosa hata hapo, lakini mti haukuwa wa duka. Jiji la Boston liliwasha wake mwaka uleule, na baada ya miaka michache miji mingi ya Marekani ilikuwa na mti wa hadhara.

Mti unaojulikana kuliko yote ulisimamishwa na vibarua. Desemba 1931 Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na eneo la Rockefeller Center, kati ya Fifth Avenue na Sixth Avenue, lilikuwa shimo la matope lenye mafundi waliojiona wamebahatika kupata kazi. Walichanga pesa wakanunua mti wa urefu wa mita 6. Familia zao zilitengeneza mapambo: nyuzi za zabibu pori nyekundu, minyororo ya karatasi, hata makopo machache. Picha ya tarehe 24 Desemba inawaonesha wakiwa kwenye foleni ya mshahara chini ya mti huo, kofia zimewashuka usoni. Wenye mradi waliona kitu pale. Mwaka 1933 mti ulirudi ukiwa rasmi, mita 15 na taa 700, ukiwa na sherehe ya kuuwasha, na toka hapo haukukosa. Kuna mtu anayeweza kusema kwamba matajiri waliwapokonya vibarua wazo lao. Inawezekana. Lakini hadi leo, kila mwaka, maelezo rasmi ya mti huo huanza na wale wachanga pesa wa matopeni.

Tangu wakati huo mti wa Rockefeller Center umekuwa kama kipimo cha hali ya nchi. Mwaka 1942, malighafi zote zikiwa zimeelekezwa vitani, ilisimamishwa miti mitatu isiyo na taa, mmoja kwa kila rangi ya bendera ya Marekani. Mwaka 1944 haukuwashwa kwa sababu ya amri ya kuzima taa. Vita vilipokwisha, mwaka 1945, walirusha miale ya urujuanimno kutoka mashine sita, na tufe 700 zikang'aa kwenye matawi kana kwamba zina moto wake zenyewe. Mwaka 1949 mtu fulani aliamua mti upakwe rangi ya fedha ili ufanane na theluji. Ulipakwa, na hakuna aliyelirudia wazo hilo. Miaka ya 1950 mti ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kuupamba kulihitaji wafanyakazi 20 kwa siku tisa. Mwaka 1966 ulitoka Kanada, ukiwa wa kwanza kuvuka mpaka. Desemba 2001, miezi mitatu baada ya mashambulizi ya Septemba, taa zake zilikuwa nyekundu, nyeupe na buluu peke yake.

Mti wenyewe kwa kawaida ni msprusi wa Norwei, wa jamii ya karibu na misonobari. Asili yake si Marekani. Ulipandwa huko na watu mbele ya nyumba zao, na hapo ndipo unapotafutwa, kwa sababu msprusi wa msituni hubanwa na wenzake ukakua mwembamba, ilhali ulioachiwa uwanja hupanua matawi yake hadi chini. Mtunza bustani mkuu wa Rockefeller Center huzunguka vijiji vya New York, Pennsylvania na majimbo jirani, mara nyingine akiuangalia mti mmoja kwa miaka kadhaa kabla haujafaa. Mwenye nyumba halipwi chochote. Anachopata ni heshima, na uwanja wenye jua zaidi kuliko zamani. Urefu huwa mita 21 hadi 30, na ulioshinda yote ulikatwa Killingworth, Connecticut, mwaka 1999: mita 30 na nusu. Matawi hufungwa kamba moja moja ili yakunjamane, mti hulazwa kwenye trela na kuingizwa mjini usiku wa manane. Mwaka 1998 mmoja uliruka kutoka Ohio ndani ya ndege ya mizigo. Mwaka 2020, katika mti uliosafiri kwa lori kutoka Oneonta, mfanyakazi alimkuta bundi mdogo aliyekuwa amejificha ndani ya matawi. Waswahili humwona bundi kuwa dalili ya nuksi. Watu wa New York walimpa jina la Rockefeller, wakampa chakula na maji, wakamwachia msituni, na wakampenda kuliko mti.

Ukishasimama, mti huzungushiwa majukwaa ya mafundi kama jengo, na taa hufungwa tawi kwa tawi, kuanzia kwenye shina kwenda nje. Siku hizi ni zaidi ya taa 50,000 kwenye waya wa kilomita 8 hivi. Mwaka 2007, zilipobadilishwa kuwa LED, matumizi ya umeme yalishuka kutoka kilowati-saa 3,510 kwa siku hadi 1,297. Nyota ya kileleni iliyotumika tangu 2018 ilibuniwa na msanifu majengo Daniel Libeskind. Ina miiba 70, vipande milioni 3 vya kioo cha Swarovski, na uzito unaozidi kilo 400. Kimo cha mti hugeuka kila mwaka lakini swichi haigeuki: huwashwa kwa kawaida Jumatano ya kwanza baada ya Sikukuu ya Shukrani, mbele ya kamera za televisheni, desturi iliyoanza mwaka 1951. Mgeni mwenye busara hukwepa usiku huo. Askari hufunga mitaa, umati husimama saa nyingi bila choo wala pa kukaa, na wengi huishia kuona skrini.

Hatua chache mashariki ya mti huo, kwenye njia ya Channel Gardens, wapo malaika wa waya wenye matarumbeta, waliobuniwa na msanii Valerie Clarebout miaka ya 1950. Wakati mwingine wao ndio huvutia zaidi ya mti, maana wako karibu na mtazamaji. Chini yao uko uwanja wa barafu uliofunguliwa siku ya Krismasi ya 1936, na ng'ambo ya Fifth Avenue duka la Saks, ambalo kwa miaka mingi lilifunika uso wake wote kwa taa zinazocheza kwa muziki. Mwaka 2024 Saks ilitangaza kwamba onesho hilo halitakuwapo, biashara ikiwa ngumu. Waliofika kwa desturi walilikosa. Hilo ndilo tatizo la kupambiwa na muuzaji.

Park Avenue, mtaa wa matajiri ulio karibu, ina taa za asili tofauti kabisa, na kwa jicho la makala haya ndizo nzuri kuliko zote jijini. Kwenye ukanda wa majani unaotenganisha pande mbili za barabara husimama misururu ya miti midogo yenye taa nyeupe tu, isiyo na nyota, tufe wala tangazo. Ilianza mwaka 1945, familia za mtaa huo zilipoamua kuwakumbuka vijana wao waliouawa vitani. Jumapili ya kwanza ya Desemba watu hukusanyika nje ya kanisa la Brick, mita chache kutoka barabarani, tarumbeta hupiga wimbo wa mazishi ya kijeshi, wanaimba, kisha taa huwashwa kwenye sehemu ndefu ya barabara. Hakuna tiketi na wala hakuna kamera nyingi. Teksi zinaendelea kupita pande zote mbili.

Desemba ya New York si ya Wakristo peke yao. Kwenye kona ya Fifth Avenue na mtaa wa 59 husimama kinara cha Hanuka chenye kimo cha zaidi ya mita 9, kilichobuniwa na msanii Yaacov Agam, na viongozi wa Kiyahudi hupandishwa kwa kreni kuwasha taa zake, moja zaidi kila usiku kwa siku nane. Kwa upande wa Wakristo, ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan kuna pango la Noeli la namna ambayo parokia chache duniani zingeweza kulitamani: sanamu za Napoli za karne ya 18, mavazi yao ya hariri yakiwa yameshonwa kwa sindano, zikiwa zimezunguka mguu wa mti wa mita 6 huku malaika wakielea matawini. Wamo Mamajusi na msafara wao, lakini wamo pia wauza matunda, ombaomba na mbuzi, kana kwamba Bethlehemu ilikuwa soko la Napoli. Mwanga wake ni hafifu kwa makusudi, na baada ya kelele za Fifth Avenue masikio nayo hupumzika.

Anayetaka kuona taa ambazo zimekataa kabisa kuwa hafifu huvuka kwenda Brooklyn. Dyker Heights ni mtaa wa nyumba za familia, wenye wakazi wengi wa asili ya Italia, na katika miaka ya 1980 mama mmoja wa mtaa wa 84 alianza kuipamba nyumba yake kwa wingi ambao majirani waliona umezidi. Walilalamika. Kisha wakapamba za kwao. Leo, kati ya mtaa wa 83 na wa 86, kuanzia barabara ya 11 hadi ya 13, nyumba kwa nyumba zimejaa malaika, mbilikimo wa Baba Krismasi, treni, familia takatifu zinazowaka kwa ndani, muziki kutoka kwenye vipaza sauti, na askari wa mbao wanaofikia kimo cha ghorofa mbili. Mtu mwenye macho ya adabu atasema ni fujo. Ni fujo kweli, lakini ya ukarimu, maana mwenye nyumba analipa bili ya umeme ili watu asiowajua wafurahi nje ya geti lake. Wengine siku hizi huajiri kampuni za kupamba, na kazi huanza wiki nyingi kabla, mafundi wakifunga taa hadi kwenye vijiti vya waridi. Adha yake ni ya majirani: mabasi ya watalii, magari yaliyokwama, karatasi za chokoleti kwenye maua.

Kufika Dyker Heights si vigumu. Treni ya D hushusha abiria kituo cha mtaa wa 79, kisha ni mwendo wa miguu wa dakika 20 hivi. Saa nzuri ni kati ya giza kuingia na saa 3 usiku, siku za katikati ya wiki, kabla ya juma la mwisho kuelekea Krismasi. Baada ya saa 3 nyumba nyingine huzima ili watu walale. Baridi ya Desemba hukaribia sifuri, na upepo wa baharini huongeza ukali wake, kwa hiyo viatu vya kufunika na soksi mbili ni muhimu kuliko kamera. Kwa upande wa Manhattan, mti wa Rockefeller Center huwaka kuanzia saa 11 alfajiri, na alfajiri ndiyo saa yake bora: wapo wafagiaji, walinzi na watu wachache wasiopata usingizi, na theluji ikiwa imeanguka usiku haijakanyagwa. Siku ya Krismasi huachwa ukiwaka saa 24. Wapenda vyombo vya zamani wanaweza pia kubahatisha treni ya chini ya ardhi yenye mabehewa ya miaka ya 1930, ambayo mamlaka ya usafiri huitoa baadhi ya siku za mwisho wa wiki za Desemba kwa nauli ya kawaida. Balbu zake za ndani ni za rangi ya asali, na viti vyake vimesukwa kama kikapu.

Kati ya taa zote hizo kuna harufu, ambayo picha hazibebi. Inatoka kando ya barabara, kwenye vichochoro vya miti inayouzwa ikiwa imeegemezwa ukutani. Mwaka 1938, wakati jiji likiwabana wachuuzi wa mitaani, baraza la jiji lilipitisha sheria inayoruhusu miti ya Krismasi kuuzwa kando ya barabara mwezi wa Desemba bila kibali, mradi mwenye jengo lililo nyuma awe ameridhia. Sheria hiyo ipo hadi leo. Wauzaji wengi hutoka Quebec, Kanada. Hukaa kando ya barabara mwezi mzima, wakilala kwa zamu ndani ya gari, maana biashara haifungwi usiku. Mtu anayepita saa 8 usiku akitoka kazini hukuta balbu chache zimening'inizwa kwenye mbao mbili, muuzaji amejifunika blanketi, na njia yote ya miguu inanukia utomvu kama msitu.

Taa huzimwa bila sherehe. Madirisha ya Fifth Avenue huondolewa mapema Januari ili nguo za msimu unaofuata ziingie. Mti wa Rockefeller Center hushushwa kati ya juma la kwanza na la tatu la mwezi huo, na tangu mwaka 2007 shina lake hupasuliwa mbao zinazopelekwa kwa shirika la Habitat for Humanity, ambalo hujengea nyumba za familia zenye kipato kidogo. Miti ya majumbani hutupwa ukingoni mwa barabara, tufe moja iliyosahaulika ikining'inia hapa na pale, hadi magari ya usafi yaichukue. Wengine huiburuta wenyewe hadi bustani za jiji, ambako wafanyakazi huisukuma ndani ya mashine ya kusaga. Chenga zake, bado zikiwa na harufu, humwagwa kuzunguka mashina ya miti ya mitaani kuyakinga na baridi iliyobaki.